Farasi Aitwaye Vagheni

Ukifika Butembo ukauliza kwa Kavugho, watu watakucheka kidogo kwanza. Kavugho gani? Kwetu Wanande msichana hupata jina hilo kwa namna alivyofuatana na dada zake kuzaliwa, na hakuna avenue, yaani mtaa, isiyo na Kavugho wake. Lakini sema tu "Mama Farasi", na muuza karanga wa kwanza utakayemkuta ataacha beseni lake akusindikize mpaka mlangoni.

Basi ni huyo. Sogeeni kidogo, maana siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa siku mbaya.

Mume wake, Josaphat, alikuwa akichunga ng'ombe wa tajiri mmoja kule juu, kwenye malisho ya baridi ya Lubero. Vita ilipofika, ng'ombe wote walichukuliwa. Farasi wawili tu walibaki, wala si kwa huruma ya mtu: mwizi aliyempanda dume alitupwa matopeni, na wenzake walicheka mpaka akaona haya kujaribu tena. Tajiri alikimbia, hakurudi. Josaphat akawateremsha wale farasi kwa mguu hadi Butembo, dume aitwaye Directeur na jike aitwaye Sukari, watu wakitoka madukani kuwatazama.

"Maziwa yake iko mingi?" waliuliza.

"Haina maziwa ya kukamua."

"Na nyama yake banakulaka?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

Josaphat alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, ndugu zake walikuja na swali lile lile, na safari hii walikuwa na mchinjaji nyuma yao. Kavugho alisimama mlangoni mwa banda na mwiko wa bukari, ndio ugali wetu, mkononi mpaka wakaenda. Wiki chache baadaye bwana harusi mmoja wa mtaa wa Katwa akaomba kufika kanisani juu ya Directeur. Picha zilizunguka kwenye simu za watu, na tangu hapo hakuna msimu wa harusi ambao Directeur hakuvaa maua shingoni, akiyala moja moja wakati wa hotuba.

Farasi wa tatu alizaliwa Butembo. Ni wakati ule mapigano yalipowatoa watu upande wa Mabalako. Parcelle ya Kavugho, kiwanja chake chote, ilijaa: jikoni, kwenye veranda, ndani ya banda lenyewe. Sukari alizaa katikati ya akina mama waliokuwa wanamenya mihogo, na watoto wa watu wakamshika mwanafarasi kabla hajasimama sawasawa. Kavugho akamwita Vagheni. Kwa Kinande ni kusema wageni. Ndilo jina tunalompa mtoto aliyezaliwa nyumba ikiwa na wageni. Majirani waliona si vizuri kumpa nyama, yaani mnyama, jina la mtu. Wageni wenyewe walilipenda. Na yule jike akakua na tabia moja ambayo haijamtoka: haji kwa mluzi, haji kwa chumvi, haji kwa kamba. Anakuja kwa jina lake tu, na liwe limetoka kinywani mwa Kavugho.

Sasa, mwaka huu, wakati wa congé, ile likizo ya shule, walifika kwake watu wawili kutoka mji wa Beni, mtaa wa Ruwenzori. Éphraïm ana pharmacie, duka la dawa. Bibi yake, yaani mkewe, Bénite, ni mwalimu wa shule ya msingi. Kama ingekuwa juu ya Éphraïm, congé yao wangeilala kwenye hoteli yenye televisheni. Farasi ni wazo la Bénite.

"Mama," alimwambia Kavugho siku waliyoonana, "mi nimetembeaka sana kwa maisha yangu. Lakini kila mara nilikuwa nakimbia vita, na godoro kichwani. Nataka kutembea mara moja bila godoro."

Kavugho alimpenda hapo hapo.

Safari yenyewe hupita kwenye migongo ya milima, kaskazini, pale mashamba yanapokwisha na mianzi inapoanza. Unalala kwenye vijiji vidogo, unakunywa maji ya chemchemi, na kwa mwisho wa njia, asubuhi ikiwa safi, unaona theluji ya milima ya Ruwenzori ng'ambo ya bonde la Semliki. Ni mbali na barabara. Kuna sehemu ambapo tangu kahawa ya asubuhi hadi ugali wa jioni hukutani na mtu.

Kwa sababu hiyo Kavugho ana kanuni moja: neno linatangulia farasi. Kabla ya kutandika kiti, anapigia simu chef, mkuu wa kila kijiji watakachopita. Maana vijiji vile vinalindwa na masufuria. Mtu akiona wasiojulikana, anapuliza firimbi. Nyumba ya kwanza inapiga sufuria, ya pili inapokea, mlima wa pili unapokea kutoka kwa wa kwanza. Akina mama wanashika watoto na kuingia porini. Wanaume wanashika mapanga na kupanda kuelekea kelele. Hakuna anayeuliza kwanza. Waliouliza kwanza wamezikwa.

Mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Éphraïm alipanda Directeur kama mtu anayepanda dari, na kila wakishuka alitembea miguu imeachana.

"Papa Éphraïm, iko nini?" Kavugho alimuuliza. "Umeacha kitu katikati ya miguu?"

"Mama, niko na pharmacie muzima na sina dawa ya hii."

Bénite alicheka mpaka akashikilia shingo ya Vagheni asianguke. Yeye na yule jike walikuwa wamepatana tangu mlima wa kwanza. Alikuwa akimsemesha njia nzima, kama anavyosemesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Vagheni alikuwa akigeuza sikio moja nyuma, asikose neno.

Halafu wakakuta njia imekatika. Mvua za usiku zilikuwa zimeusukuma udongo wote chini, njia pamoja na migomba iliyokuwa kando yake. Mbele palikuwa na ukuta wa matope mekundu.

Kavugho alishuka mgongoni mwa Sukari, akatazama. Kurudi ilikuwa kupoteza safari. Kupita juu, kwenye mgongo wa mlima, aliijua njia. Josaphat aliwahi kumpitisha huko. Lakini njia ile inapita juu ya kijiji cha Vuhimba, na Vuhimba haikuwa kati ya vijiji alivyovipigia simu. Alitoa telefone, akainyoosha juu, akazunguka nayo. Hakuna réseau, mtandao haufiki huko.

"Tunapita juu kidogo tu," alisema. "Mbele ya jua kuzama tuko tumeshuka ng'ambo ile."

Alisikia moyo wake ukikataa alipokuwa anasema. Akapanda.

Huko juu ukungu uliwafikia kutoka pande zote mbili. Ulianza miguuni mwa farasi, ukapanda hadi magotini, ukafunika mianzi. Upande wa kulia kulikuwa na korongo. Kavugho hakuliona, ila alijua lipo kwa sababu sauti za kwato hazikurudi kutoka huko. Aliwaambia wafuatane karibu, pua kwa mkia. Mbele yeye, katikati Bénite, nyuma Éphraïm.

Ngurumo ikapasuka juu ya vichwa vyao.

Directeur, aliyezoea fanfare, matarumbeta ya harusi, alikunja masikio basi. Sukari alitetemeka. Vagheni aliruka kando, akageuka, akaingia kwenye mianzi. Kavugho aliuona mgongo wa Bénite, ile imperméable, koti la mvua la njano, ukainama chini ya tawi, ukatokea tena mbali zaidi, kisha hakuona kitu. Alisikia mianzi ikivunjika. Halafu hata hiyo ikanyamaza.

"Bénite!" Éphraïm alipiga kelele. "Béni-i-ite!"

Hakuna.

"Papa, nyamaza kidogo," Kavugho alisema. "Akijibu hatutamusikia. Na ule nyama haikujue weye. Acha niite."

Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zote za kifua chake:

"Vagheni! Vaghe-e-eni!"

Sauti ilikwenda. Milima ile ina namna ya kubeba sauti ya mwanamke kuliko ya mwanamume. Alingoja, akaita tena, na tena.

Kutoka chini, ndani ya ukungu, ikajibu firimbi.

Kisha sufuria moja. Kisha mbili. Kisha nyingi, haraka haraka, kama mvua inayofika kwenye mabati.

Kavugho alijua maana ya kelele ile. Ameisikia hata Butembo, na kila mara kuna waliokufa. Adui wameingia Vuhimba, aliwaza. Wako hapa chini, na Bénite yuko peke yake kati yetu na wao, amevaa njano. Akaita kwa haraka zaidi, jina likigongana na jina. "Vagheni! Vagheni! Kuya! Vagheni!" Masufuria yakazidi. Mlima wa pili, upande wa kushoto, ukapokea. Na mbali kabisa, kwenye mawe, akasikia alichokuwa akikingoja, kwato za Vagheni, ila hazikuwa zinakuja. Zilikuwa zinakimbia kelele. Zilikuwa zinaelekea upande wa korongo.

"Wanakuja?" Éphraïm aliuliza. Alikuwa ameshuka, amekumbatia shingo ya Directeur. "Mama, ni adui? Banakuja?"

Hapo, kutoka chini, ikapanda sauti ya mwanamume, ikirushwa nyumba kwa nyumba ili wote wapate: "Vagheni! Vagheni, kule juu, kwa mianzi! Vagheni!"

Kavugho alifunga mdomo.

Wageni, kule juu, kwa mianzi. Adui alikuwa yeye. Ni yeye aliyesimama juu ya kijiji cha watu, ukungu umefunga, akawapigia kelele kwa Kinande safi kwamba wageni wanakuja. Na kila alipoita farasi wake, alikuwa akiwaamsha zaidi; na kila walipopiga, farasi alikwenda mbali zaidi; na wenye mapanga sasa walikuwa wanapanda, mwanamke mmoja aliyevaa njano yuko mbele yao juu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona.

"Mbona unanyamaza?" Éphraïm alimshika mkono. "Ita! Ita, mama!"

"Nikiita, banapanda."

"Na usipoita bibi yangu anaanguka kwa shimo!"

Yote mawili yalikuwa kweli. Kavugho akafungua vifungo vya kabuti la Josaphat alilokuwa amevaa, kabuti rangi ya majani, la kufanana mno na la askari, akalitupa juu ya mgongo wa Sukari. Akabaki na blauzi na kitenge.

"Shika hizi kamba zote mbili," alisema. "Nashuka kwa kijiji kunyamazisha zile sufuria. Bila vile, Vagheni hatarudi."

"Unashuka kujificha!" Éphraïm alilia sasa, bila aibu. "Unatuacha hapa kama mizigo, unaenda kujiokoa! Ni bibi yangu, mama!"

Neno lile lilimchoma, na litaendelea kumchoma, lakini hakuwa na muda nalo.

"Usiite," alimwambia. "Hata jina yake. Hata Mungu usimwite kwa sauti. Unanisikia, Papa Éphraïm? Ukiita, bananiua miye kwa njia, na yeye nyuma yangu."

Akashuka. Hakukuwa na njia, kulikuwa na utelezi. Sehemu nyingine alikwenda kwa matako. Masufuria yalikuwa karibu mpaka aliyasikia kwenye meno. Alipofika kwenye shamba la kwanza la maharage, aliona vivuli vinapanda, akafanya kitu ambacho mguu ulikuwa unakataa: aliketi. Aliketi kwenye matope, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke aliye kwenye kilio, mikono juu ya kichwa, viganja wazi.

"Iko hapa! Mumoja wao iko hapa!"

Kijana wa mbele aliitwa Ananie. Jina Kavugho alilijua baadaye. Wakati huo aliona panga lake tu.

"Weye nani?"

"Miye Kavugho."

"Ba-Kavugho banajaa hapa! Kwangu tu bako babili! Kavugho wa wapi?"

"Wa Butembo, mtaa ya Furu. Bibi ya Josaphat, ule wa ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Bangapi muko juu? Tulisikia mutu anapiga kelele ya vagheni. Bako wangapi?"

"Ule mutu ni miye."

Panga likasimama. Wengine wawili walikuwa wamefika, mmoja na mkuki, mmoja na upinde.

"Weye ndiye ulituambia kama bageni banakuja?"

"Hapana. Nilikuwa naita farasi yangu."

Wakatazamana.

"Farasi," alirudia Kavugho. "Nyama moja kubwa, ya kupanda. Jina yake ni Vagheni."

Yule wa upinde alicheka kicheko kibaya, kile cha mtu anayeogopa. "Anatuchukua kama bajinga. Ananie, maliza kazi."

"Ngojeni."

Wakampisha aliyesema. Mwanamke mnene alikuwa anapanda kwa kuhema, sufuria kubwa nyeusi imefungwa shingoni kwa kitambaa, mwiko wa chuma mkononi. Alikuwa Mama Agar. Huko Vuhimba chef yupo, lakini sufuria ya kwanza ni ya Mama Agar, na hakuna inayonyamaza kabla yake. Alimzunguka Kavugho polepole, akamtazama nywele, viatu, viganja.

"Rudilia," alisema.

Kavugho akasema yote: njia iliyokatika, wageni wa Beni waliokuja kwa congé, ngurumo, mwalimu aliye juu ya farasi.

"Congé," Mama Agar alisema. "Batu banatoka Beni, wanakuja kutembea huku juu, kwa furaha?"

"Ndiyo, mama."

"Bila godoro?"

"Bila godoro."

Mmoja kati ya vijana akatema mate. Mama Agar hakucheka. "Na nani anapatiaka nyama jina ya mutu?"

"Alizaliwa kwangu nyumba ikijaa batu ya Mabalako. Tulikuwa tunalala hata kwa fasi ya majivu. Ningemuita namna gani?"

Chini yao masufuria yaliendelea kulia.

"Mama," Kavugho alisema, "nyamazisha sufuria. Ule farasi anaikimbia, na huko anakimbilia kuko shimo. Nyamazisha, niite. Atakuja. Utamuona na macho."

"Unajua mara ya mwisho balikuja namna gani?" Mama Agar aliinama, uso wake ukawa karibu. "Mwanamuke mumoja alitangulia. Alikaa vile vile unakaa. Aliomba chumvi. Tulimupatia. Na weye hautake chumvi, unataka sufuria. Ndiyo kitu moja tuko nayo."

Kavugho mwenyewe angesema vile vile. Akatoa mikono kichwani, akaiunganisha, akamnyooshea.

"Basi nifungeni. Nikae katikati yenu nikiita. Akitokea mutu mwingine bila farasi, niko hapa."

Wakamfunga kwa kamba ya mbuzi, mikono nyuma, wakampeleka mpaka uwanja wa kijiji, mbele ya kanisa la udongo. Ananie alisimama nyuma yake na panga. Mama Agar aliipiga sufuria yake mara ya mwisho, akapandisha mwiko juu na kuushikilia hapo, na ikanyamaza. Jirani yake akanyamaza. Ukimya ukatembea kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, ukavuka bonde. Mlima wa pili ulichelewa kidogo, kisha nao ukakoma.

Ndugu zangu, wapo waliosikia masufuria ya vijiji vile wakasema hakuna kelele ya kutisha zaidi. Hawajasikia yakinyamaza. Mtu mzima alikuwa anashika mdomo wa mbwa wake. Akina mama walikuwa wamekwisha kuingia porini na watoto, na wanaume waliobaki hawakujua kama wamewaokoa au wamewatuma kwenye mikono ya mtu. Wote walikuwa wanamtazama Kavugho.

Akaita.

"Vagheni!"

Aliona watu wakishtuka, kila mmoja, kama jina limempiga.

"Vaghe-e-eni!"

Ukungu ulilimeza jina. Alingoja. Alijua masikio ya yule jike, anasikia kifuniko cha debe la pumba kikifunguliwa upande wa pili wa parcelle. Kama bado ana masikio. Kama hayuko chini ya korongo, na Bénite chini yake. Aliita tena, na sauti ikakatika katikati, ikatoka kama ya kuku.

"Sauti yake inakufa," alisema yule wa upinde. "Anaogopa. Anaogopa kwa sababu wenzake bamechelewa."

"Tulia," alisema Mama Agar. Lakini mwiko wake ulikuwa umeshuka kidogo, ukakaribia sufuria.

Kavugho hakuita kwa nguvu tena. Aliita kama anavyoita asubuhi, akiwa na pumba kwenye beseni, kwa sauti ya nyumbani tu, akifuatanisha na maneno ya kumgombeza: "Vagheni, we mutoto, uko wapi? Vagheni, kuya basi. Vagheni, mama anakungojea."

Kutoka kwenye migomba, nyuma ya kanisa, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, kikasikika kishindo. Ananie akageuka na panga juu. Mwiko ukapanda.

Na hapo ikaja sauti ya mwanamke aliyekasirika sana, kwa namna ile ya shule, kila neno limetamkwa mpaka mwisho:

"Polepole! Nimesema po-le-po-le! Unasikia ama hausikie?"

Kichwa cha Vagheni kikatoka kati ya majani ya migomba, macho meupe, mapovu mdomoni. Juu yake alikuwa Bénite, kiatu kimoja tu, imperméable imechanika hadi mgongoni, na mbele yake, amekaa juu ya shingo ya farasi, mtoto wa miaka kama mitatu ameshika manyoya kwa mikono yote miwili. Nyuma yao alikimbia mama wa mtoto, kitenge kinamwanguka. Nyuma yake tena, kwa mbali, mstari wa wanawake na watoto na mabunda vichwani, wanakuja huku wanaogopa.

"Rudisha mutoto yangu!" mama yule alilia. "We mwalimu, rudisha mutoto!"

"Si miye, ni yeye!" Bénite alijibu akivuta kamba bila faida. "Alisikia jina, akageuka! Hasimame!"

Vagheni alikatiza uwanja, watu wakaruka huku na huku, yule wa upinde akaanguka juu ya kuku, na jike akafika kwa Kavugho, akasimama. Akaweka pua kwenye tumbo lake, akasukuma, kama kila asubuhi, akitafuta beseni. Kavugho hakuweza kumshika. Mikono ilikuwa bado imefungwa.

Ananie alikata kamba.

Bénite alipopata pumzi, alieleza. Farasi alikuwa amesimama kwenye ukingo kabisa, mawe yakianguka chini na yeye bila kuyasikia yakifika, na masufuria yakilia. Halafu wanawake wakatokea kwenye ukungu, wanakimbia, mmoja akagongana na kifua cha Vagheni na kupiga yowe. Bénite akawaambia yeye ni mtu, tena mwalimu. Hawakuamini, ila mama mmoja alikuwa na watoto wawili na mzigo, na alikuwa amechoka kabisa, na Bénite akamwambia, leta mmoja hapa juu. Walikuwa wanatembea pamoja kuingia ndani zaidi ya pori wakati kelele ilipokoma na jina likasikika.

"Mulitaka kwenda naye wapi?" Mama Agar alimuuliza mama wa mtoto.

"Mi najua? Fasi yoyote."

Mama Agar akavua sufuria shingoni, akaiweka chini, akakaa juu yake. Alimtazama farasi kwa muda mrefu.

"Weye Kavugho," alisema, "siku ingine utapeleka neno mbele."

"Nitapeleka, mama. Ni kosa yangu."

"Ni kosa yako, kabisa. Na ningepiga tena ile sufuria, unajua? Mwiko ulikuwa umeshaenda."

"Niliuona."

Hapo Bénite akageuka huku na huku. "Éphraïm iko wapi?"

Kijiji kizima kikatazama juu, kwenye ukungu. Hakuna sauti iliyokuwa imetoka huko muda wote. Ananie alitaka kupuliza firimbi, na Mama Agar akampiga mkono. Bénite akashuka, akasimama na mguu mmoja wenye kiatu na mmoja bila, akaita mwenyewe.

"Éphraïm! Papa Éphraïm! Niko muzima! Shuka!"

Sauti ikaja kutoka juu, nyembamba, ya mtu ambaye amejizuia mpaka haamini kama amepewa ruhusa:

"Naweza kuita sasa?"

"Ita!"

Akaita. Aliita jina la bibi yake njia nzima ya kushuka, akianguka, akiinuka, wale farasi wawili nyuma yake, na alipofika uwanjani sauti ilikuwa imemkauka. Alimshika Bénite, akamwachia, akamshika tena, akamgusa ule mguu usio na kiatu. Halafu akamwona Kavugho, ambaye alikuwa anajisugua mikono, alama ya kamba ikionekana wazi. Alikwenda mbele yake. Midomo ilifunguka.

"Mama. Kule juu nilisema kama..."

"Papa Éphraïm," Kavugho alimkatiza, "shika kwanza Directeur. Anakula maharage ya batu."

Na kweli, dume lilikuwa limeingia katika shamba la Mama Agar, linatafuna kwa utulivu, na Mama Agar alikuwa ameshainuka kutoka kwenye sufuria, mwiko mkononi.